Somo: Kumsoma chewa mmoja, kuanzia rangi hadi jiwe la sikio

Chewa akishapasuliwa, kinachotupwa kwanza ni matumbo. Humo humo ndimo ilimo habari ya maisha yake: alikula nini, alikuwa jike au dume, au alikuwa njiani kutoka ujike kwenda udume. Nimeandika somo hili ili kabla hujatupa, utazame.

Chewa ni jina la ukoo mkubwa. Ninayemzungumzia hapa ni Epinephelus coioides, chewa mwenye madoa ya rangi ya chungwa. Anapatikana kuanzia Bahari ya Shamu kushuka hadi Durban, na upande wa mashariki hadi Palau na Fiji. Waarabu wa Ghuba wanamwita hamur. Ni samaki wa pwani hasa: wadogo wanakulia kwenye mikoko na midomo ya mito, wakubwa wanahamia miambani, hadi kina cha mita 100 hivi.

Andaa futi ya fundi cherehani, kisu chembamba chenye makali, kibanio, kioo cha kukuzia, daftari na penseli. Usitumie kalamu ya wino. Daftari likilowa utapoteza kazi ya siku nzima.

Hatua ya 1: Tazama rangi kabla ya barafu

Barafu inaua rangi, na ile chungwa inageuka kahawia. Akiwa bado mbichi utaona mgongo wa kahawia, tumbo jeupe jeupe, na madoa madogo ya chungwa au kahawia nyekundu yaliyotapakaa kichwani, ubavuni na kwenye mapezi. Ubavuni kuna mabaka matano yaliyofifia, yamelala upande, na yakifika chini yanagawanyika kama panda ya manati.

Wengi wanamchanganya na ndugu zake wawili. Epinephelus malabaricus ana madoa meusi, na katikati yake kuna mabaka meupe makubwa zaidi. Epinephelus tauvina, ambaye anapenda zaidi miamba yenye maji safi, ana baka kubwa jeusi chini ya miiba ya mwisho ya pezi la mgongo. Usikate shauri kwa doa moja. Mtazame samaki mzima, maana chewa akiwa hai anaweza kukoza au kufifiza rangi mbele ya macho yako.

Hatua ya 2: Pima, kisha hesabu miiba

Mlaze kwenye ubao, funga mdomo wake, pima kuanzia ncha ya mdomo hadi mwisho wa mkia. Mkia wake ni wa mviringo, hauna panda, kwa hiyo hakuna ubishi wa wapi pa kuishia. Andika urefu huo sasa hivi. Bila huo, utakachokiona tumboni hakitakuwa na maana.

Pezi la mgongo lina miiba migumu 11, kisha vijiti laini. Pezi la chini, nyuma ya tundu la haja, lina miiba 3 na vijiti laini 8.

Hatua ya 3: Mdomo

Pitisha kijiti, si kidole, kwenye meno ya ndani. Ukiyasukuma kuelekea kooni yanalala. Ukivuta kurudi nje yanasimama na kukishika kijiti. Ndiyo mlango wake huo, kuingia ruhusa, kutoka hapana. Chewa hatafuni. Anafungua kinywa ghafla, anatanua mashavu, maji yanaingia kwa nguvu pamoja na kaa au samaki aliyekuwa mbele yake. Kwa hiyo mawindo utayakuta tumboni yakiwa mazima.

Hatua ya 4: Tumbo la chakula

Pasua kuanzia tundu la haja kwenda mbele, kisu kikiwa kimelala, usitoboe vilivyomo. Mara nyingi utakuta kaa, kamba na samaki wadogo. Andika hata vipande: gando moja linatosha kukuambia alikula kaa.

Akiwa amevuliwa kwenye kina, unaweza kukuta kitu kama puto jekundu kimetokeza mdomoni. Watu husema ni kibofu cha hewa. Sivyo, ni tumbo lake la chakula lililopinduka. Kibofu cha chewa hakina njia ya kutolea gesi kinywani. Mita 30 chini, mgandamizo ni mara 4 ya ule wa juu, kwa hiyo akivutwa haraka gesi inataka nafasi mara 4, na kibofu kinalisukuma tumbo nje. Samaki wa namna hiyo huwa amekwisha kutapika. Usiandike "hakula", andika "tumbo limepinduka".

Hatua ya 5: Jike au dume

Hapa ndipo ninapotaka ukae muda mrefu. Sogeza matumbo pembeni. Chini ya kibofu cha hewa, ukielekea nyuma, kuna vifuko viwili vilivyolala sambamba na kuungana karibu na tundu la haja. Hivyo ndivyo viungo vya uzazi.

Chewa huyu huanza maisha ya utu uzima akiwa jike. Anapevuka akiwa na sentimita 25 hadi 30, kwenye umri wa miaka 2 au 3. Baadaye, kwenye sentimita 55 hadi 75, baadhi ya majike wanageuka madume. Dume kubwa unaloliona limelala kwenye ubao, kuna uwezekano mkubwa limewahi kutaga.

Jike aliyekaribia kutaga hana utata: vifuko vimejaa, vina rangi ya njano au chungwa, na kwa kioo cha kukuzia unaona punje za mayai. Dume aliye tayari, ukikata na kubinya kidogo, hutoka majimaji meupe mazito kama tui. Tatizo ni hawa wa katikati. Nakumbuka mmoja wa sentimita 63: vifuko vyembamba, rangi ya kijivu yenye wekundu kidogo, na nilipokata kwa upana nikakuta uwazi katikati, kama wa mfuko wa mayai. Nikaandika jike. Nilikosea kuandika kwa uhakika ule, na nilikuwa nimefanya hivyo kwa samaki wengi kabla yake. Korodani za chewa hubaki na umbo la mfuko wa mayai uliotangulia, pamoja na ule uwazi, ingawa mbegu sasa zinapita kwenye njia nyingine ndani ya ukuta. Kwa macho matupu huwezi kuamua; inahitaji kipande chembamba na hadubini. Ukiwa na shaka andika "haijulikani" na uweke kipande kwenye formalini, dawa ya kuzuia kisioze.

Hatua ya 6: Jiwe la sikio

Kata fuvu kwa juu, nyuma kidogo ya macho, ufunue kama kifuniko. Ondoa ubongo taratibu. Chini yake, kulia na kushoto, kuna vijiwe viwili vyeupe. Vitoe kwa kibanio, vioshe, vikaushe, vitie kwenye bahasha yenye namba ya samaki. Vikikatwa vipande vyembamba vinaonyesha pete kama za shina la mti. Chewa huyu anaweza kupita miaka 20, na pete za mwisho za mzee zinabanana sana, kwa hiyo kutazama jiwe zima bila kulikata kunamfanya aonekane kijana.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Ina maana kila chewa mkubwa ni dume?*

Marahaba. Hapana. Wapo majike wanaokua wakubwa bila kugeuka. Ukubwa unakupa dokezo tu. Lakini madume wengi wamo kwenye kundi la wakubwa, kwa hiyo tukivua wakubwa peke yao tunawaondoa madume kwanza, na majike wanabaki na mayai yasiyo na wa kuyarutubisha.

*Nimekuta nyuzi nyekundu nzito zimejikunja ndani ya mayai. Ni mishipa ya damu?*

Ivute moja taratibu kwa kibanio. Ikitoka nzima bila kukatika, yenye ncha mbili, ni mnyoo. Wapo wa jamii ya Philometra wanaoishi kwenye mifuko ya mayai ya chewa, na wekundu ule ni wa damu wanayokula. Watie wachache kwenye spiriti na uandike namba ya samaki.

*Kaka, mayai wanayaficha wapi miambani? Sijawahi kuyaona.*

Hawayafichi. Yanaachiwa majini na kuelea, kila moja chini ya milimita 1, na kwenye maji ya joto huanguliwa kwa takribani siku moja. Kitoto chake huota mwiba mrefu mgongoni na miwili tumboni, mirefu kupita kiasi kwa mwili wake, utadhani ni kishada. Kinaelea hivyo kwa wiki kadhaa, kisha miiba inafupika na kinatua kwenye nyasi za bahari au mikoko.

*Nikivua mdogo kutoka kwenye kina, tumbo limetoka mdomoni, nimtoboe ndipo nimrudishe?*

Usimtoboe tumbo, dada. Ukimwachia juu ataelea na ndege watamchukua. Chukua kreti ya plastiki, ifungie uzito pembeni mwa mdomo wa kreti na kamba kwenye kitako chake, ipindue ikiwa na samaki ndani, uishushe. Kadiri anavyoshuka gesi inajikusanya tena, tumbo linarudi mahali pake, na akifika chini anatoka mwenyewe kwa chini. Fanya haraka, na ulowe mikono kabla ya kumshika.