SOMO: Kupanga safari fupi ya Ukerewe na kundi ambalo watu hawalingani uwezo

Habari zenu wakuu, na wakubwa wote shikamooni. Wengi mnapanga kwenda kisiwa cha Ukerewe, huku Ziwa Victoria, na kikoba, ukoo au watu wa kazini, siku mbili tatu hivi, na shida inakuwa ileile: kundi lina kijana anayeogelea kama kambare, lina mama ambaye ngazi kumi tu magoti yanagoma, lina watoto, lina na mjomba anayetapika hata kwenye kivuko, alafu wote mnawawekea ratiba moja. Hapo kuna wataochoka na kuna wataoboreka, na mkirudi Mwanza hakuna anayetaka kusikia tena habari ya kuchanga.

Mimi naamini hivi: mambo mawili, yaani maji na usafiri, yapangwe kwa kumwangalia yule mwenye uwezo mdogo kuliko wote, hapo hakuna mjadala. Mengine yote waacheni watu wagawanyike, mkutane kwenye chakula.

Hatua ya 1: wajue watu wako

Usiulize kwenye grupu la WhatsApp. Mtu mzima hawezi kuandika mbele ya wakwe na mashemeji kwamba hajui kuogelea au kwamba anaamka mara nne usiku kwenda chooni. Mpigie mmoja mmoja, uliza taratibu: unaogelea au unacheza tu pembeni? Unaweza kutembea saa nzima juani? Baiskeli je? Unatumia dawa gani za kila siku? Chomboni kichefuchefu kinakupata? Andika kwenye daftari, na usimpe mtu daraja moja la jumla, maana kuna mtu anaendesha baiskeli kuliko vijana wote ila ukimweka kwenye maji ya kiunoni anazama.

Hatua ya 2: njia ya kwenda

Njia ziko mbili. Kuna meli kutoka bandari ya Mwanza Kaskazini mpaka Nansio, mji wa Ukerewe, masaa matatu mpaka manne hivi kutegemea chombo na hali ya ziwa. Na kuna barabara, unapita Magu, Lamadi, Bunda mpaka Kisorya, unavuka na kivuko kwenda Rugezi, alafu Nansio. Meli inawafaa wazee kwa sababu mtu anasimama, ananyoosha miguu, choo kipo. Barabara ni ndefu na inachosha mgongo ila majini unakaa muda mfupi tu, kwa hiyo yule mjomba wa kutapika mpeleke huko. Na sio lazima kundi zima lipite njia moja, hili watu hawalifikirii kabisa, watu wanne wakipita Bunda na waliobaki wakapanda meli jioni mnakula pamoja na hakuna kilichoharibika. Ratiba ya meli kaulize bandarini siku moja kabla, usitegemee ya kuambiwa.

Sasa hapa naomba tusikilizane. Ziwa letu tunalijua. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imekaribia Mwanza, MV Nyerere ikapinduka tarehe 20 Septemba 2018 ikiwa inakaribia gati la kisiwa cha Ukara, wakafa watu zaidi ya 220, na ilikuwa imebeba watu kuliko uwezo wake. Kwa hiyo kubalianeni mkiwa bado nyumbani, sio gatini: chombo kikionekana kimejaa kupita kiasi, kundi lote halipandi, hata kama tiketi zimekatwa na hata kama kuna mtu ana kikao kesho yake. Pale gatini kila mtu ana haraka na mwenye wasiwasi anaona aibu kusema, ndio maana uamuzi uwe umeshapita kabla.

Hatua ya 3: malazi

Laleni Nansio, wote gesti moja, wenye magoti wapewe vyumba vya chini. Basi.

Hatua ya 4: kugawa siku

Siku ya kufika msipange kitu, watu wale sato na ugali wa muhogo, wapumzike. Siku ya pili ndio ya kugawanyika. Wa mwendo wa taratibu chukueni gari mkaione ikulu ya mtemi kule Bukindo, jengo la zamani la watemi wa Wakerewe, mnafika karibu kabisa na gari na wazee wanakaa chini kupiga stori. Wa kati waende kilima cha Handebezyo, unapanda kidogo ila juu unaona ziwa na visiwa, inalipa kabisa. Wenye nguvu wakodi baiskeli wazunguke vijijini, wale machungwa ya huko, ni visiwa vichache sana utaona vikubwa hivi kwenye ziwa zima, Ukerewe ndio kikubwa kuliko vyote Victoria kwa hiyo msijidanganye mtamaliza kuzunguka kwa asubuhi moja.

Kila kundi liwe na kiongozi mmoja, simu yenye chaji, na saa ya kurudi inayojulikana. Mimi napenda chakula cha mchana saa nane kamili, wote, sehemu moja. Kundi lisipofika saa nane na nusu na simu haipatikani, mtu anatoka na boda kuwafuata, na huyo mtu awe ameshachaguliwa asubuhi.

Ukara na lile jiwe linalocheza ni pazuri mno, ila ni kuvuka tena kutoka Bugolora. Wanaotaka waende siku ya tatu kama muda upo, wasiotaka wasilazimishwe.

Hatua ya 5: maji

Anayejua kuogelea asiwe kipimo cha wenzake. Mamba wapo, viboko wapo, ulizeni wenyeji wa pale pale kabla hata ya kunawa miguu. Na kichocho kipo kweli. Vijidudu vinatoka kwa konokono wa majini na vinapenya kwenye ngozi ukiwa umesimama tu, hasa kwenye maji yaliyotulia yenye magugu. Wengi wanasubiri kuona damu kwenye mkojo, wakati huku ziwani kinachosumbua zaidi ni kichocho cha tumbo. Aliyeingia majini aende kupima baada ya wiki kadhaa, dawa ipo, ni prazikwanteli.

Hatua ya 6: hela

Mchango wa pamoja uwe wa nauli, malazi na chakula tu. Baiskeli, gari la Bukindo na Ukara kila mtu ajilipie, bibi asichangie baiskeli za vijana. Alafu wekeni hela ya usiku mmoja wa ziada, upepo ukichafuka meli inaweza isitoke.

MASWALI YA WANAKIKUNDI

Dada wa Nyegezi: Mama yangu ana presha na amevuka 70, nimbebe au nimwache?

Mbebe dada, ila kwanza amuone daktari wake. Dawa zake zikae kwenye mkoba wa mkononi, sio kwenye begi linaloenda chini ya mizigo, na ziwe za siku mbili zaidi ya safari. Hospitali ya wilaya iko palepale Nansio, ndio maana nasema lala Nansio. Ukara asiende.

Kaka wa Kirumba: Vijana wetu watasema saa nane inawakata starehe.

Waanze mapema, saa kumi na mbili na nusu wawe kwenye baiskeli, jua lenyewe bado dogo. Baada ya chakula watoke tena. Saa nane usiiondoe kaka, ndio muda pekee unaojua watu wako wote ni wazima.

Buzuruga: Sisi tuna siku moja tu, tufanyeje?

Msiende Ukerewe, nendeni kisiwa cha Saanane hapahapa Mwanza. Boti ni dakika chache tu kutoka Capri Point, ni hifadhi ya taifa tangu 2013 na ndogo kuliko zote Tanzania, wazee wanakaa kivulini wanaangalia swala na pimbi, vijana wanapanda miamba. Hakuna anayekuwa mbali na mwenzie.

Mwalimu wa Igoma: Miezi gani mizuri?

Juni mpaka Septemba kukavu, baiskeli na barabara hazisumbui, ila upepo ziwani unaweza kuwa mkali kwa hiyo wa kutapika ajiandae. Machi mpaka Mei mvua, mimi siwashauri wenye watoto.

Mama Pasiansi: Watoto wangu wana miaka 4 na 7, jaketi la kuokolea la mtu mzima si ukilikaza linatosha?

Hapana mama, halitoshi. Akiingia majini linapanda juu na yeye anachomoka chini. Tafuta la saizi ya mtoto hapahapa Mwanza kabla hamjaondoka, lenye mkanda unaopita katikati ya miguu, mvalishe nyumbani, shika mabegani pa jaketi umnyanyue. Likipita masikio, bado ni kubwa, tafuta lingine.