Kabla hujaingiza matunguu ya tulipu kwenye friji

Wengi wakishapata matunguu ya tulipu (yale ya chini yanayofanana na vitunguu, ndiyo yanayopandwa) wanakimbilia friji ili yapate baridi inayohitajika kabla ya kuchanua, ila kwanza jiulize ua limeshaumbika mle ndani au bado. Tulipu inatengeneza ua lake kiangazi, wakati wewe unaona imelala tu, na kule Uholanzi wakulima wanapasua matunguu machache katikati waangalie kama sehemu zote za ua zipo mpaka ovari, yaani sehemu ya kike inayobeba mbegu, hatua hiyo wanaiita G. Baridi ikiingia kabla ya hapo unaweza usipate ua kabisa, kwa hiyo muulize muuzaji, na kama bado yaache mahali pakavu penye hewa, nyuzi 17 mpaka 20 hivi.

Alafu hesabu wiki ukirudi nyuma kutoka siku unayotaka maua: baridi wiki 12 mpaka 16 kwenye nyuzi 5 mpaka 9, na baada ya hapo wiki tatu nne za joto la wastani. Usipunguze! Watu wanadhani mle ndani ni usingizi tu, wapi, kuna kazi kubwa inaendelea: ABA, ile homoni inayozuia chipukizi, inashuka, wanga unavunjwa kuwa sukari ya kupelekwa kwenye chipukizi, jibereliini, homoni za kurefusha mmea, zinaanza kufanya kazi, jeni zilizokuwa zimezimwa zinawaka na zingine zinazimwa, na kikonyo kinapata uwezo wa kuitikia oksini, homoni nyingine ya ukuaji, inayoshuka kutoka kwenye ua lenyewe ndo kirefuke. Sasa ukikatisha katikati unapata ua fupi limebanwa na majani, au limekauka kabla halijafunguka, na hapo mbolea haisaidii kitu.

Friji yenyewe toa matunda, hasa tufaha na ndizi zilizoiva, manake zinatoa ethilini, ile gesi inayoivisha matunda, na ethilini inaua ua likiwa bado dogo ndani ya tunguu. Hata tunguu moja lenye fuzari, ukungu unaoliozesha, linatoa gesi hiyo hiyo likaharibu majirani, kwa hiyo yabonyeze na kuyanusa moja moja, lililolainika au lenye harufu chachu tupa. Ukubwa nao angalia, mzunguko wa sentimita 12 kwenda juu ni salama, vidogo vinakupa jani moja basi.

Amarilisi, ua lingine linalotoka kwenye tunguu, haina shida hii ya baridi, usiichanganye humo. Na vaa glovu, utomvu wa tulipu unawasha vidole, mbwa nao wasiyafikie, ni sumu kwao.