Namna ya Kujilinda Katika Zamu Ndefu ya Usiku Wodini

Maandalizi ya zamu ya usiku yenye urefu wa saa 12 yaanzie nyumbani, kwa kulala walau saa moja na nusu alasiri. Muuguzi aliyeamka saa 12 asubuhi na kwenda kazini bila kulala atafika alfajiri akiwa amekaa macho kwa zaidi ya saa 20, ilhali utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba hata saa 17 za kukaa macho hupunguza umakini sawa na pombe ya asilimia 0.05 katika damu.

Kipindi cha hatari zaidi ni kati ya saa 9 usiku na saa 11 alfajiri, joto la mwili linaposhuka. Alfajiri moja nilikuwa nikihesabu matone ya dripu ya mtoto kwa saa ya mkononi. Nilipoteza hesabu mara tatu, na mara ya nne nikagundua kwamba nayatazama tu yakidondoka. Nilimwita mwenzangu akahesabu yeye. Tangu hapo sioni haya kusema, "Sista, hebu nihakikishie hapa," na ndilo ninalolisisitiza kuliko mengine yote: dozi yoyote ya kukokotoa katika saa hizo isomwe na watu wawili, kwa sauti, pamoja na jina la mgonjwa. Ukiwa peke yako wodini, andika hesabu kwenye karatasi, kisha ipitie upya kabla ya kuvuta dawa.

Mkiwa wawili, pokezaneni usingizi wa dakika 20 hadi 30, si zaidi, ili msiamke na uzito wa usingizi. Kahawa inywewe mwanzoni mwa zamu.

Asubuhi usiendeshe pikipiki. Panda daladala na umwombe konda akuamshe Igoma au Buhongwa. Hapa Mwanza, nyumba nyingi za mlimani zimeezekwa kwa bati na kuzungukwa na majabali yanayotunza joto, hivyo ukichelewa kulala hadi saa 5 utakuwa unatokwa jasho badala ya kupumzika. Oga, shusha pazia zito na chandarua, zima simu, na uwaombe wa nyumbani wakuvumilie hadi alasiri.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 12 za kazi kwa siku, na kwa kawaida inadai saa 12 mfululizo za mapumziko kabla ya kurudi kazini. Ukomo huo una sababu: utafiti wa mwaka 2004 nchini Marekani ulibaini kwamba wauguzi waliofanya kazi saa 12 na nusu au zaidi walikuwa na uwezekano wa kukosea mara tatu zaidi. Kwa hiyo weka daftari la saa zako halisi, ukiandika kila tarehe uliyounganishiwa zamu kwa kuwa wa kukupokea hakufika, na ulipeleke kwa muuguzi mfawidhi kabla ratiba ya mwezi unaofuata haijabandikwa.