Kabla hujachukua yuniti ya saikolojia: jinsi ya kuuliza habari za leka, yaani mwalimu wa chuo

Semista yaanza, yuniti moja ina maleka wawili, na wewe wazunguka kuuliza "fulani yukoje?" Hapo ndo unapojipoteza. Ukiuliza yukoje utaambiwa "yuko poa" ama "huyo balaa", basi, unarudi nyumbani hujui kitu. Uliza anafanya nini: kati zake, ile mitihani midogo ya katikati ya semista, anatoa kwenye noti tupu ama analeta mifano mipya, ukimuuliza swali anakujibu ama anakukata, makaratasi anarudisha lini, na yanarudi na maandishi pembeni ama alama tu.

Mimi yalinikuta. Mwaka wa kwanza niliketi Mwembe Tayari na jamaa wawili wa mwaka wa tatu, kahawa na kashata, wakamsifu leka mmoja mpaka basi. Na kweli jamaa mcheshi, masaa mawili yanakatika hujui, ila jioni nikifungua daftari kuna mistari minne na mmoja ni kichekesho chake cha makanga wa Bamburi. Kati ikaja yataka tofauti ya Pavlov (yule wa mbwa waliozoezwa mpaka wakisikia mlio tu, kabla ya chakula, mate yawatoka) na Skinner (yule wa tabia kufuata zawadi au adhabu), mimi nikachora mbwa.

Mambo haya saikolojia yenyewe imeyachimba. Mwaka 1977 kule Marekani, Nisbett na Wilson waliwaonyesha wanafunzi video za leka mmoja mwenye lafudhi ya kigeni, kundi moja likamwona akiwa mchangamfu, lingine likamwona amenuna. Mtu ni yule yule, lafudhi ile ile, lakini waliomwona mchangamfu wakaipenda mpaka lafudhi na sura yake, wale wengine ikawakera, na hawakujua kwamba ile kumpenda au kumchukia ndiyo iliyowapeleka huko. Kwa hivyo mtu akikwambia "sauti yake yachosha", muulize kwanza alikuwa akimpenda?

Tafuta watu watatu, aliyepata A, aliyepita kwa kusukumwa na aliyekula sapu, yaani aliyefeli akarudia mtihani, na uwaulize mbali mbali. Ukiwauliza pamoja kwenye feri ya Likoni wa kwanza akisema "mbaya" wengine watadakia tu. Wa sapu usimpuuze, ana uchungu sawa, lakini yeye ndo anakumbuka swali lililomtoa.

Halafu kuna mtihani wangu mimi, na huu ndo naamini kuliko yote. Mwambie huyo siniya wa mwaka wa mbele unayemuuliza: hebu nieleze ile ya mbwa na mate, bila daftari. Akikueleza ukaelewa, na ni mwaka umeshapita, ujue leka yule anafundisha, hata kama hacheki. Akibabaika halafu akakwambia "lakini jamaa alikuwa moto", haya, ushapata jibu lako.

Fomu ya tathmini ikija mwisho wa semista nawe usiandike "mzuri", andika kitu ambacho leka anaweza kukirekebisha, mfano "kati ya kwanza tulirudishiwa siku mbili kabla ya mtihani".

Yule leka wa pili, niliyeambiwa mkavu, nilimchukua baadaye. Hacheki wallahi, kipindi kizima. Siku ya Pavlov aliingia na vikombe viwili vya muuza kahawa, akavigonganisha mara tatu bila kusema neno, akatuuliza nani mate yamemjaa. Ilikuwa Ramadhani, saa tisa mchana. Darasa zima kimya.