Kusafisha na Kuunga Upya Jointi za Ekseli za Kombi

Kombi za Volkswagen za kizazi cha pili, zilizoanza kutoka kiwandani Ujerumani mwaka 1967, zina jointi nne kwenye ekseli za nyuma, na kila jointi imefungwa kwa bolti sita. Nyingi zinazotupwa bado ni nzima. Buti la raba, yaani kifuniko kinachoikinga jointi, lilipasuka, grisi ikatoka na vumbi likaingia.

Weka vigingi kwenye magurudumu ya mbele, inua gari kwa jeki na uliegemeze kwenye stendi imara. Kabla ya kufungua bolti, chokonoa uchafu wote uliomo ndani ya tundu za vichwa vyake, kwa sababu spana isiyozama hadi chini huviringisha meno, na bolti ya namna hiyo hutesa kuliko kazi nyingine yote.

Ondoa saklipu, yaani pete ya chuma inayoishikilia jointi kwenye ekseli, kisha itoe jointi kwenye ekseli na uichambue juu ya kitambaa safi. Gololi, keji inayozishika, nyota ya ndani na kikombe cha nje vimelinganishwa pamoja tangu kiwandani, kwa hiyo safisha jointi moja hadi mwisho kabla ya kugusa nyingine, wala usichanganye vipande. Osha kwa mafuta ya taa na brashi, ukaushe kabisa. Mng'ao kwenye mifereji si kasoro. Mashimo madogo, rangi ya buluu ya kuungua au ufa kwenye keji ni sababu ya kununua jointi mpya.

Kuunga upya ndiko kunakowashinda wengi. Ingiza nyota, keji na gololi zikiwa zimesimama wima dhidi ya kikombe, ukihakikisha kwamba nafasi pana kati ya mifereji ya kikombe inakutana na nafasi nyembamba ya nyota, na kwamba ukingo uliokatwa mshazari katika tundu la nyota utaelekea ekseli. Ukipatia, jointi hulala mahali pake kwa nguvu ya mikono na kuchezacheza kwa ulaini. Ikigoma, itoe uanze tena, usiipige nyundo kamwe.

Ijaze grisi ya molibdeni na ufunge buti jipya bila kulisokota. Futa grisi yote kwenye nyuzi za bolti na kwenye flanji, yaani bamba ambalo jointi hufungwa kwake, kaza bolti kwa takriban Nm 34 (mita-newtoni, kipimo cha nguvu ya kukaza), kisha uzikague tena baada ya safari fupi, kwa kuwa bolti hizi hulegea upesi zikifungwa na mafuta.