Siku za Kwanza Tokyo kwa Familia Itokayo Afrika Mashariki: Namna ya Kupanga Mwanga, Usingizi na Shughuli

Tofauti ya saa kati ya Afrika Mashariki na Japani ni saa sita kamili mwaka mzima, kwa kuwa huku na huko hakuna desturi ya kusogeza saa kwa kufuata msimu. Tofauti hiyo inampa msemaji wa Kiswahili nafuu ambayo wasafiri wengine hawana: namba inayosomeka kwenye saa ya ukutani mjini Tokyo ndiyo saa ya Kiswahili ya nyumbani. Saa ya Tokyo ikionyesha 10:00 asubuhi, Dar es Salaam na Nairobi ni saa kumi alfajiri. Bango la stesheni likiandika 21:00, toa kumi na mbili, ubaki na tisa, na nyumbani ni saa tisa alasiri. Nawasihi wazazi waishike hesabu hii kabla ya kupanda ndege, kwa sababu kwa siku kadhaa baada ya kufika, miili ya watoto wao itaendelea kuishi kwa saa ya nyumbani, na karibu kila uamuzi wa siku hizo utakuwa mwepesi zaidi kwa mzazi anayejua mwili uko saa ngapi.

Mwongozo huu unailenga zaidi familia inayomfuata baba au mama aliyekwenda kusoma au kufanya kazi, ingawa mengi yaliyomo yanamfaa pia anayekwenda kutembea. Saa zote zimetajwa kwa Kiswahili na ni za Tokyo, isipokuwa pale nitakapotaja nyumbani.

Mwanga kwanza, shughuli baadaye

Saa ya mwili imo ndani ya ubongo, nayo hurekebishwa hasa na mwanga unaoingia machoni. Mzunguko wake wa asili kwa watu wengi unazidi kidogo saa 24, na ndiyo maana ni rahisi kuchelewa kulala kuliko kuwahi. Kwenda Tokyo ni kuelekea mashariki, yaani kuulazimisha mwili ulale mapema kuliko ulivyozoea, na mwili hukubali kusogea takriban saa moja tu kwa siku. Kwa hiyo familia itegemee karibu wiki moja ya marekebisho, na isishangae ikiwa siku ya tatu inakuwa nzito kuliko ya kwanza, kwani siku ya kwanza mtu hubebwa na msisimko wa kufika.

Wengi huambiwa watoke nje wakaote jua mara tu wanapoamka. Kwa safari hii ushauri huo, ukifuatwa asubuhi mapema ya siku ya kwanza, unaweza kuurudisha mwili nyuma badala ya kuusogeza mbele. Mtu aliyezoea kuamka saa kumi na mbili asubuhi nyumbani hufikia kilele cha usingizi mnamo saa tisa au saa kumi za usiku wa nyumbani, ambazo kwa Tokyo ni saa tatu hadi saa nne asubuhi. Mwanga mkali unaopokewa kabla ya kilele hicho huiambia saa ya mwili kwamba jioni bado inaendelea, na hivyo huichelewesha; unaopokewa baada yake huiambia kwamba kumekucha, nayo husogea mbele kama inavyotakiwa. Basi asubuhi ya kwanza acheni mapazia yamefungwa, kuleni kifungua kinywa taratibu ndani, kisha tokeni nje mnamo saa nne na mkae kwenye mwanga hadi saa nane mchana. Siku ya pili tokeni saa tatu, ya tatu saa mbili, na kuendelea hivyo mpaka kutoka nje mara baada ya kuamka kuwe hakuna madhara. Bustani ya kitongoji inatosha kabisa. Ziara ndefu za mjini zisubiri.

Angalieni pia mwezi mnaofika. Sisi tuliozaliwa karibu na ikweta tumezoea jua linalochomoza na kuzama karibu wakati ule ule mwaka mzima, lakini Tokyo haiko hivyo. Katikati ya Juni jua huchomoza mnamo saa kumi na nusu alfajiri na kuzama saa moja jioni. Mapema Desemba huzama saa kumi na nusu jioni. Familia inayofika Juni itahitaji mapazia mazito au hata kitambaa cheusi dirishani. Inayofika Desemba ina kazi ya kinyume, yaani kuhakikisha watoto hawakosi mwanga wa mchana, ambao huisha upesi. Waislamu watakaofika katikati ya mwaka wajue kwamba wakati wa alfajiri huingia kabla ya saa tisa usiku, hivyo ni vyema anayeamka kuswali atumie taa hafifu na kurudi kitandani.

Kabla ya kuondoka

Kwa siku tatu au nne kabla ya safari, walazeni watoto nusu saa mapema kila siku na kuwaamsha mapema kwa kiasi hicho hicho. Faida yake ni ndogo, lakini ni ya hakika.

Dawa zinahitaji uangalifu mkubwa zaidi. Japani humruhusu msafiri kuingia na dawa alizoandikiwa na daktari zisizozidi matumizi ya mwezi mmoja. Zaidi ya hapo hutakiwa kibali kinachoombwa kabla ya safari. Dawa zenye amfetamini haziruhusiwi hata kwa mwenye cheti cha daktari. Melatonini, ambayo katika baadhi ya nchi huuzwa dukani kama vitamini, huko haiuzwi kiholela, kwa hiyo familia isiitegemee.

Bebeni vyeti vya kuzaliwa vya watoto na cheti cha ndoa, pamoja na tafsiri zake za Kijapani. Ofisi ya kata huvihitaji ili kuandikisha uhusiano wa wanafamilia na mkuu wa kaya, na kukosekana kwa karatasi hizo kunaweza kuilazimisha familia iliyochoka kwenda na kurudi zaidi ya mara moja.

Kutoka uwanja wa ndege

Wageni wenye umri wa miaka 16 na zaidi huchukuliwa alama za vidole na picha. Wanaoingia kwa ukaazi wa zaidi ya miezi mitatu hupewa kadi ya ukaazi papo hapo kwenye kiwanja cha ndege cha Narita au Haneda, na mtu mzima anapaswa kutembea nayo wakati wote.

Kiwanja cha Narita kiko mbali na katikati ya mji, takriban kilomita 60. Treni ni za haraka, lakini kwa familia yenye watoto wanaosinzia na masanduku mengi, mimi naona basi la uwanja wa ndege ni bora: mizigo hupakiwa na wahudumu, kila mtu ana kiti chake, na hakuna kubadilisha treni katikati ya umati. Vilevile, ukumbini kuna madirisha ya huduma ya kusafirisha mizigo, ambako unaacha masanduku na kwa kawaida yanaletwa nyumbani au hotelini kesho yake. Gharama yake inastahili, mradi nguo za usiku mmoja, dawa na nyaraka zibaki mkononi. Mkichukua teksi, msivute mlango wa nyuma, kwani dereva huufungua na kuufunga mwenyewe. Wakumbusheni watoto waweke vidole mbali.

Usiku wa kwanza

Mara nyingi mambo huenda hivi: familia inafika imechoka, watoto wanalala saa moja jioni, kisha saa saba usiku wote wako macho na wana njaa. Hilo halipaswi kumtia mzazi hofu. Saa saba usiku ya Tokyo ni saa moja jioni nyumbani, wakati ambao tumbo la mtoto limezoea kusubiri chakula cha usiku, na mwili umeuchukua ule usingizi wa jioni kama usingizi wa mchana tu. Jitahidini kuwashikilia watoto macho mpaka saa mbili au saa mbili na nusu usiku kwa kuwaogesha maji ya uvuguvugu na kuwapa chakula chepesi, lakini mtoto mdogo aliyeshindwa kabisa aachwe alale.

Chakula cha usiku wa manane kinunuliwe mapema, wakati wa kuingia nyumbani. Maduka madogo yanayoitwa konbini, kama vile 7-Eleven, Lawson na FamilyMart, mengi hufunguliwa saa 24 na yanauza matonge ya wali yaliyofungwa kwa mwani, mayai ya kuchemsha, ndizi, mikate na maziwa. Hata hivyo, taa zake ni kali mno, na kumpeleka mtoto humo usiku wa manane ni kumrudishia saa yake nyuma. Akilazimika mtu kwenda, aende mtu mzima mmoja. Anayejiepusha na nguruwe ajifunze kuitambua herufi 豚, ambayo humaanisha mnyama huyo, ingawa kukosekana kwake kwenye lebo si hakikisho kwamba chakula ni halali. Maji ya bomba ni salama kunywa.

Watoto walio macho wapewe taa hafifu, vitabu vya kuchora na hadithi za mdomo. Simu na televisheni zizimwe. Kuta za nyumba nyingi za kupanga ni nyembamba, na majirani huthamini sana utulivu wa usiku, kwa hiyo kukimbiakimbia sakafuni saa nane usiku kunaweza kuharibu uhusiano kabla haujaanza. Kishawishi kingine cha wakati huo ni kuwapigia babu na bibi, kwa sababu kwao ni jioni na wamekaa wanasubiri habari. Wapelekeeni ujumbe mfupi kuwa mmefika salama, na mazungumzo marefu yawekwe saa kumi na moja jioni, ambayo kwao ni saa tano asubuhi.

Asubuhi, msimwache mtoto alale mpaka adhuhuri, hata kama amelala alfajiri. Mwamsheni saa mbili au saa tatu, kwa upole, ndani ya chumba chenye mwanga mdogo, na mkumbuke kwamba mwili wake bado uko usiku wa manane: atalia, atakataa chakula, na hastahili kukaripiwa kwa hilo. Usingizi wa mchana uwe mfupi, dakika 20 hadi 30 kwa wakubwa, na uishe kabla ya saa tisa alasiri. Walio chini ya miaka mitano waruhusiwe zaidi kidogo. Wazazi waache kahawa na chai ya rangi baada ya adhuhuri.

Kuujua mji polepole

Kwa usafiri, kila mtu apate kadi ya kulipia nauli, Suica au Pasmo. Watoto wa miaka 6 hadi 11 hulipa nusu nauli, lakini kadi yao hutolewa dirishani kwa kuonyesha pasipoti. Walio chini ya miaka 6 husafiri bure, wawili kwa kila mtu anayelipa. Epukeni treni za kati ya saa moja na nusu na saa tatu na nusu asubuhi, zinapojaa kupita kiasi. Ndani ya treni watu hawaongei kwa simu, na watoto waelezwe hilo kabla ya kupanda.

Stesheni kubwa kama Shinjuku ina milango ya kutokea zaidi ya 200, kwa hiyo miadi yoyote itaje jina la mlango. Barabara nyingi hazina majina. Anwani hufuata namba za mtaa, kitalu na jengo. Mtoto awe na karatasi mfukoni yenye anwani ya nyumbani kwa Kijapani na namba ya simu ya mzazi, na afundishwe kukitambua kituo kidogo cha polisi kiitwacho koban, kilicho karibu na stesheni nyingi. Polisi huitwa kwa 110, gari la wagonjwa na zimamoto kwa 119. Jambo moja halihitaji kujifunzwa upya na mtoto wa Tanzania, Kenya au Uganda: magari hupita kushoto kama kwetu.

Kwenda ofisi ya kata, ambako anwani mpya lazima iandikishwe ndani ya siku 14 tangu kuhamia, kuwekwe siku ya tatu au ya nne, baada ya saa tano asubuhi. Kabla ya hapo mzazi anayejaza fomu hana akili iliyotulia. Siku hiyo hiyo ombeni bima ya taifa ya afya ikiwa mwajiri hajawaandikisha kwingine. Mtu mzima hulipa asilimia 30 ya gharama za matibabu.

Wali wa Kijapani hushikana, na watoto wengine huukataa mwanzoni. Karibu na stesheni ya Shin-Okubo kuna maduka yanayouza nyama halali, viungo, dengu na mchele mrefu. Sahani moja ya chakula kinachofahamika, ikiliwa kwa saa ya Tokyo, husaidia zaidi kuliko kumlazimisha mtoto.

Uchovu usiochanganywa na ugonjwa

Uchovu wa tofauti ya saa huleta usingizi, hasira, kukosa hamu ya kula na pengine tumbo kusumbua. Hauleti homa. Familia iliyotoka sehemu yenye malaria ikimwona mtoto ana joto kali, kutetemeka au kutapika, iwe siku ya tatu au wiki ya tatu, isisubiri kuona kama atazoea. Dalili za malaria huanza mara nyingi siku saba au zaidi baada ya kuumwa na mbu, na madaktari wa Japani huuona ugonjwa huo kwa nadra sana, hivyo wanaweza kudhani ni mafua. Mwambieni daktari tangu sentensi ya kwanza kwamba mmetoka Afrika, tajeni tarehe ya kuondoka, na ombeni damu ipimwe malaria siku hiyo hiyo. Andikeni maneno hayo kwa Kijapani kabla ya safari na myaweke pamoja na pasipoti.