Kahawa ya juu mlimani haifuati kalenda ya ziwani

Kando ya Ziwa Kivu, kutoka Minova hadi Kalehe, na ng'ambo kisiwani Idjwi, kosa ni lilelile kila msimu. Mwenye shamba la juu anapuliza dawa siku ileile anayopuliza jirani yake wa kando ya ziwa. Au hapulizi wala hakagui, eti kule juu ni baridi, wadudu hawafiki. Yote mawili yanamla pesa.

Ni kweli aina za wadudu hupungua ukipanda mlima. Skoliti, yule mweusi mdogo anayetoboa tunda kwenye kitovu, anataka joto. Chini ya nyuzi 15 hivi hakui. Kunguni wa kahawa, antestia, ni habari nyingine. Huyo anaipenda kahawa ya arabika ya juu, hasa mti wenye majani yaliyosongamana. Ana umbo la ngao, rangi ya kahawia yenye madoa ya chungwa na meupe. Anafyonza matumba na matunda mabichi, na tundu alilotoboa ndiyo njia ya ile harufu ya kiazi kibichi inayoharibu kikombe kizima na kuangusha bei.

Sasa sikilizeni hesabu. Joto hushuka takriban nyuzi 0.6 kila mita 100. Ziwa liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Shamba la mita 1,860 lina baridi zaidi kwa nyuzi 2.4. Huko maua huchelewa, na mayai ya kunguni huchelewa kuanguliwa. Mayai hayo hukaa mafungu ya takriban 12 chini ya jani. Ukipuliza pareto, ile dawa ya wadudu itokanayo na maua, kwa tarehe ya ziwani, unaua wakubwa na kuyaacha mayai. Jua linaivunja pareto upesi, hivyo watoto wakitoka hawaikuti dawa. Umemwaga pesa, na baada ya hapo unasema dawa ni ya bandia!

Gawa shamba kila mita 100 za kupanda. Katika kila ukanda chagua miti 10 iliyotawanyika, si ile ya kando ya njia. Asubuhi mapema tandika shuka nyeupe chini ya mti, kulia na kushoto kwa shina, zikutane pasipo mwanya. Puliza pareto ndani ya matawi, ngoja nusu saa, tikisa, hesabu wakubwa pamoja na watoto wasio na mabawa. Wengi wanasahau watoto. Wastani ukifika 1 kwa mti mahali pa mvua nyingi, au 2 mahali pakavu, puliza ukanda huo peke yake. Hesabu tena kila baada ya siku 14, tangu matunda yakiwa madogo.

Pogoa katikati ya mti ili mwanga uingie. Kunguni hapendi uwazi. Matumba meusi yakipungua, mko njiani.

Siku ya kuvuna, mimina matunda kwenye maji kabla ya kumenya. Yanayoelea yatoe, usiyarudishe kwenye gunia.